MAUMIVU SUGU NA HUZUNI YA NAFSI: SUBIRA SI KUNYAMAZA

(Muhadhara uliotolewa mbele ya waumini, Mkuu, Rombo)

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, maswahaba zake na wote waliowafuata kwa wema mpaka siku ya Malipo. Ama baad.



Mada yetu ya leo inamhusu mtu ambaye sote tunamfahamu. Ni mzee aliyezoea kuwahi safu ya mbele alfajiri, na sasa haonekani. Tukiuliza habari zake tunaambiwa ni magoti, au ni kiuno. Tunamuombea afya, kisha tunashika njia. Baada ya miezi kadhaa tunasikia habari nyingine: hali chakula, halali usiku, hataki kuzungumza na watu, hukasirika kwa jambo dogo. Hapo ndipo minong'ono huanza. Huyu husema amerogwa, yule husema ana jini, na mwingine husema imani yake imepungua.

Tunakusudia kubainisha kwamba maumivu ya magoti yale na ukimya ule si maradhi mawili yaliyokutana kwa bahati mbaya. Mara nyingi ni maradhi yenye milango miwili: mmoja katika mwili, mwingine katika nafsi. Anayetibu mlango mmoja na kuuacha wa pili wazi hujikuta anarudia kazi ileile kila mwaka. Na anayemlaumu mgonjwa kwa udhaifu wa imani humwongezea maradhi ya tatu.

MAUMIVU SUGU NI YAPI?

Maumivu kwa asili ni neema. Mtoto akigusa jiko la moto, maumivu humfanya aurudishe mkono kabla haujaungua. Aliyevunjika mguu huumwa ili asiukanyage mpaka uunge. Haya ni maumivu ya kuonya, na onyo likishafika na jeraha likapona, yanapaswa kuondoka.

Lakini yapo maumivu yasiyoondoka. Wataalamu wa tiba wanayaita maumivu sugu pale yanapodumu au kurudiarudia kwa zaidi ya miezi 3. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake mpya ya maradhi iliyoanza kutumika mwaka 2022, limeyapa maumivu haya nafasi yake yenyewe. Maana yake ni kwamba hayahesabiwi tena kuwa dalili ya ugonjwa mwingine tu. Yanaweza kuwa ni ugonjwa kamili, unaostahiki kutibiwa wenyewe.

Hapa kwetu hatuna haja ya kwenda mbali kuwatafuta wenye maumivu haya. Wamo akina mama wanaopanda kutoka tambarare na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, tangu wakiwa mabinti mpaka wanapokuwa mabibi. Wamo vijana wapagazi wanaopandisha mizigo ya watalii mlimani; kanuni za hifadhi zimeweka kikomo cha kilo 20, lakini kilo 20 juu ya mteremko wa mawe kwa miaka kumi si jambo dogo kwa goti na uti wa mgongo. Wamo vijana wa bodaboda walionusurika ajali, mfupa ukaunga, maumivu yakabaki. Wamo wagonjwa wa kisukari ambao nyayo zao huwaka moto usiku kucha. Wamo wazee wenye baridi yabisi, na wenye kuumwa kichwa mwaka baada ya mwaka.

Wala si jambo la Rombo peke yake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno. Katika mkoa wetu huu, watafiti wa KCMC kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Glasgow wamekwenda nyumba kwa nyumba wilayani Hai kuchunguza maradhi ya viungo na mifupa, na namna yanavyoathiri maisha ya watu na vipato vyao. Ni dhahiri basi kuwa tunazungumzia jambo lililo ndani ya nyumba zetu.

MAUMIVU YANAVYOINGIA KATIKA NAFSI

Ndugu zangu, tumtazame mtu huyu hatua kwa hatua. Kwanza maumivu humnyima usingizi. Asiyelala, asubuhi mwili wake huwa mzito na moyo wake mwepesi wa hasira. Pili, humnyima kazi. Mgomba haupaliliwi, ng'ombe hakatiwi majani, na aliyekuwa mwenye kutoa anakuwa mwenye kupewa. Tatu, humnyima watu. Haendi tena sokoni, wala harusini, wala mazishini, kwa kuwa hawezi kukaa muda mrefu. Nne, na hili ni zito kwa muumini, humnyima ladha ya ibada. Anaona haya kuswali ameketi mbele ya watu waliozoea kumwona akirukuu na kusujudu, kwa hiyo anabaki nyumbani.

Katika lugha ya Kiarabu yapo maneno mawili ambayo Mtume (s.a.w.) aliyataja pamoja katika dua mashuhuri ya kujikinga kwa Allah, iliyopokewa na Imam Bukhari: al-hamm na al-hazan. Wanazuoni wamebainisha kuwa al-hazan ni huzuni ya jambo lililokwisha pita, na al-hamm ni wasiwasi wa jambo linalongojewa. Mwenye maumivu sugu hubeba yote mawili. Anauhuzunikia mwili aliokuwa nao jana, na anaihofia kesho: je, nitaamka nikiweza kutembea? Nani atawalisha watoto? Kwa kuwa Mtume (s.a.w.) alijikinga na haya na akatufundisha tujikinge nayo, tunajua kwamba ni masaibu ya kweli, na anayeyapata hastahiki kudharauliwa.

Na tafiti za leo zinashuhudia hayo. Mwaka 2025 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti 376 kutoka nchi 50. Ulionyesha kuwa katika kila watu wazima 100 wenye maumivu sugu, takriban 40 wana dalili nzito za sonona, na takriban 40 wana dalili nzito za wasiwasi, na wengine wana zote mbili. Sonona ni ile huzuni inayodumu wiki nyingi, inayozima hamu ya chakula, ya kazi na ya watu, na kumfanya mtu ajione hana thamani. Tukichukua kipimo hicho, katika kila wagonjwa 10 wa maumivu sugu tunaowajua, 4 huenda wanapigana vita vya pili ambavyo hatuvioni.

HUZUNI INAVYORUDI MWILINI

Mlango wa pili nao hufunguka kuelekea ndani. Huzuni ikishika nafsi, huuzidishia mwili maumivu.

Tuizingatie habari ya Nabii Ya'qub (a.s.) katika Surat Yusuf, aya ya 84 mpaka ya 87. Alipompoteza mwanawe, huzuni aliyoizuia kifuani iliyafikia macho yake yakawa meupe. Wanawe walipomwona hivyo walimhofia kuwa atauangamiza mwili wake kwa kumkumbuka Yusuf. Hapa pana hoja kubwa: huzuni ya moyo iliathiri kiungo cha mwili, na waliokuwa karibu naye walilitambua hilo bila ya kitabu cha tiba.

Wanazuoni wetu wa zamani waliligundua jambo hili na wakaliandikia. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria, sawa na mwaka 934, alitunga kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi. Alikigawa sehemu mbili: ya kwanza juu ya mwili, ya pili juu ya nafsi. Hoja yake ni kuwa mwanadamu ameumbwa kwa vitu hivyo viwili pamoja. Mwili ukiugua, nafsi hupungukiwa na nguvu zake, na nafsi ikiugua, mwili hukosa raha na huweza kupata maradhi. Aliigawa huzuni pia: ile yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa au kupoteza mali, na ile isiyo na sababu ya wazi, ambayo chanzo chake kimo mwilini na hutibiwa kwa kuutibu mwili. Haya yaliandikwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Basi asiseme mtu kuwa afya ya akili ni jambo lililoletwa na Wazungu juzi.

Wataalamu wa zama zetu wamezidi kueleza njia inayopitiwa. Mwaka 1965, Ronald Melzack na Patrick Wall walibainisha kuwa habari za maumivu haziendi moja kwa moja kutoka kwenye jeraha hadi kwenye ubongo. Katika uti wa mgongo kuna mfano wa lango. Lango hili huweza kufunguka zaidi au kufungwa kiasi, na ubongo wenyewe hutuma amri za kulifungua na kulifunga. Hofu, kukosa usingizi na kukata tamaa hulifungua. Utulivu, matumaini, kushughulika na jambo lenye manufaa na kuwa pamoja na watu hulifunga kiasi. Baadaye wataalamu waliyarekebisha baadhi ya maelezo yao, lakini msingi umebaki. Tena imefahamika kuwa mishipa ya fahamu iliyobeba maumivu kwa muda mrefu huwa myepesi kushtuka, ikapiga kelele hata pale jeraha lilipokwisha pona. Ni kama mbwa wa mlinzi aliyezoea wezi: hata jani likianguka hubweka.

Kwa hiyo picha ya eksirei inapotoka safi, haimaanishi kuwa mgonjwa ni mwongo. Jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa utafiti wa maumivu, ilipoandika upya maana ya maumivu mwaka 2020, ilisema kuwa maumivu yanahusu hisia za mwili na hisia za moyo kwa pamoja, na ikaongeza kuwa kauli ya mtu anayesema anaumwa iheshimiwe. Nasi Waislamu tunayo sababu kubwa zaidi ya kufanya hivyo, kwa kuwa tumeamrishwa kumdhania mwenzetu wema.

Tukumbuke pia desturi ya watu wetu. Ni nadra mtu wa hapa kusema kuwa ana sonona. Husema kichwa kinamuuma, mwili unamuwaka, moyo unakwenda mbio, au ana mawazo mengi. Mwenye kusikiliza kwa makini atausikia mlango wa pili ukigongwa.

SUBIRA SI KUNYAMAZA

Wapo wanaosema kuwa muumini wa kweli hahuzuniki, na kwamba anayelalamika maumivu amekosa subira. Kauli hii haina asili katika dini yetu, na madhara yake ni makubwa, kwa sababu humfunga mgonjwa mdomo.

Tazameni mifano. Nabii Ayyub (a.s.) ndiye kigezo cha subira, na Allah (S.W.) amemsifu kwayo. Hata hivyo, Qur'ani imetupa habari kuwa alimwita Mola wake na akaitaja dhara iliyomgusa, katika Surat Al-Anbiyaa na katika Surat Saad. Kuitaja dhara hakukumwondoa katika daraja ya wenye kusubiri. Na jibu alilopewa nalo lina mazingatio: aliamrishwa aupige mguu wake chini, akapewa maji ya kuoga na ya kunywa, kisha akarudishiwa watu wake. Zilitajwa sababu za mwili, na ikatajwa jamaa ya kuishi nayo.

Nabii Ya'qub (a.s.) aliahidi subira njema, na papo hapo akashitaki huzuni yake kwa Allah. Kisha hakukaa akingoja. Aliwatuma wanawe wakamtafute Yusuf, na akawakataza kukata tamaa na rehma ya Mola wao.

Mtume wetu (s.a.w.) alipofiwa na mwanawe Ibrahim, macho yake yalitoka machozi, na alieleza kuwa moyo unahuzunika, ila hasemi isipokuwa linalomridhisha Mola.

Swahaba Uthman bin Abil-Aas (r.a.) alimshitakia Mtume (s.a.w.) maumivu aliyokuwa nayo mwilini tangu aliposilimu. Imam Muslim ameipokea habari hiyo. Mtume (s.a.w.) hakumkemea wala hakumwambia kuwa imani yake ni pungufu. Alimwelekeza aweke mkono wake pale panapouma, alitaje jina la Allah na aombe kinga Kwake. Na mtu huyuhuyu mwenye maumivu ndiye aliyewekwa kuwa imamu wa watu wake wa Thaqif.

Na Imran bin Husayn (r.a.) alikuwa na maradhi ya bawasiri, akamuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya swala. Aliruhusiwa aswali amesimama, asipoweza, aketi, asipoweza, alale ubavu. Hadithi hii imo katika Bukhari. Ruhusa ambayo wazee wetu wanaionea haya leo ilikuja kwa sababu ya swahaba mkubwa aliyeumwa na akasema kuwa anaumwa.

Tunapata nini katika haya? Subira ni kuuzuia moyo usimkasirikie Mola, kuuzuia ulimi usiseme la haramu, na kuvizuia viungo visifanye la haramu. Haimo ndani yake amri ya kumficha tabibu, wala mke, wala mume, wala ndugu. Anayesema "ninaumwa na nimechoka" ili apate msaada hajaiacha subira. Ameshika sababu.

NJIA ZA KUEPUKA

Maumivu yasiyokwisha humfanya mtu akubali chochote. Hapo ndipo wanapoingia wenye kuvuna katika shida za watu.

Kwanza, waganga na wapiga ramli. Mgonjwa huambiwa kuwa ametupiwa kitu na jirani au na shemeji. Hutolewa mbuzi, huvalishwa hirizi, na maumivu hubaki palepale. Kinachoongezeka ni deni, uadui ndani ya ukoo na hofu mpya moyoni. Na hofu, kama tulivyoeleza, hulifungua lango la maumivu. Kabla ya hayo yote imeshaingia shirki.

Pili, kuiacha tiba kwa hoja ya kisomo. Ruqya ya kisheria ni haki, na Uthman bin Abil-Aas alifundishwa. Lakini Mtume (s.a.w.) aliyefundisha ruqya ndiye aliyeamrisha watu wajitibu, na akaeleza kuwa Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa. Mwenye kuchukua moja na kuitupa nyingine amechukua nusu ya mafundisho.

Tatu, kumeza vidonge vya maumivu bila ya kipimo. Mtu hununua diklofenaki dukani, akameza asubuhi na jioni kwa miezi. Dawa za aina hii zikitumiwa kwa muda mrefu bila ya usimamizi huweza kuchubua tumbo mpaka likavuja damu, na huweza kuharibu figo. Utafiti uliofanywa katika eneo la Moshi na kuchapishwa mwaka 2015 ulikuta kuwa takriban watu wazima 7 katika kila 100 wana ugonjwa sugu wa figo, na wengi wao hawakuwa wakijua. Asiyejua hali ya figo zake asizitwike mzigo huo.

Nne, kilevi. Wapo wanaokitafuta ili walale. Licha ya kuwa ni haramu, kilevi huharibu usingizi wenyewe na huizidisha sonona, kwa hiyo mtu huamka na maumivu yaleyale na huzuni iliyoongezeka.

Tano, kudhani bila ya kupima. Kati ya mwaka 2007 na 2008, wagonjwa 870 wenye homa waliolazwa KCMC na Mawenzi walichunguzwa. Zaidi ya nusu walikuwa wamedhaniwa kuwa na malaria, lakini vipimo viliithibitisha kwa watu 14 tu. Miongoni mwa maradhi yaliyokutwa ni bruselosisi, ule ugonjwa unaowafanya ng'ombe na mbuzi watupe mimba, unaoweza kumwingia mtu kwa maziwa yasiyochemshwa na kumwachia homa na maumivu ya mgongo na viungo kwa muda mrefu. Fundisho ni kwamba hatusemi "ni mawazo tu" kabla mwili haujachunguzwa, kama ambavyo hatusemi "ni mwili tu" na kuiacha nafsi.

TIBA NA SABABU ZAKE

Mwenye maumivu yaliyozidi miezi 3 aanzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu naye, au hospitali ya Huruma hapa Rombo. Ikihitajika rufaa, ipo hospitali ya mkoa ya Mawenzi, na ipo KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971. Baadhi ya hospitali hizi ni za makanisa, na wapo wanaosita kwa sababu hiyo. Tunawakumbusha kuwa Mtume (s.a.w.) katika safari ya Hijra alimwajiri kiongozi wa njia asiyekuwa Mwislamu, akamwamini kwa ujuzi wake katika safari iliyohatarisha roho yake. Ibn al-Qayyim ameitolea hoja habari hii katika kuruhusu kumtegemea tabibu mwaminifu asiye Mwislamu.

Mgonjwa akifika, aeleze yote mawili. Aseme panapouma, na aseme pia kama halali, kama analia, kama ameacha kula. Tabibu asiyeambiwa la pili atatibu la kwanza tu.

Pengine atapewa dawa iitwayo amitriptilini. Dawa hii hutibu sonona, na kwa kiasi kidogo hutuliza maumivu ya mishipa ya fahamu na kusaidia usingizi. Wagonjwa wengine wakisikia kuwa ni dawa ya akili huitupa, wakidhani wameitwa wendawazimu. Sivyo. Kuwepo kwa dawa moja inayofaa pande zote mbili ni ushahidi kwamba mwili na nafsi hushirikiana njia. Atumie kwa maelekezo, wala asiiache ghafla bila ya kumuuliza tabibu.

Kuhusu kiuno, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwezi Disemba 2023. Uliyosisitiza ni kumwelimisha mgonjwa, mazoezi, tiba za viungo na tiba ya mazungumzo inayoirekebisha fikra na tabia. Haukupendekeza mikanda ya kiuno ambayo wengi wetu huinunua kwa bei kubwa. Kitanda nacho si dawa ya kudumu: mwili usiotikiswa hukakamaa, na nafsi iliyofungiwa chumbani hudhoofika. Kutembea kidogo kila siku, kiasi kinachowezekana, ni tiba ya milango yote miwili. Na kwenda msikitini kwa hatua za polepole ni mazoezi yenye thawabu ndani yake.

Matarajio nayo yawe ya kweli. Kwa wengi, maumivu sugu hayaondoki yote. Hupungua, na mtu akarudia usingizi wake, shamba lake na watu wake. Hilo ni jambo kubwa, na ni la kushukuriwa.

WAJIBU WA WATU WA MSIKITI

Ndugu Waislamu, yaliyobaki yako mikononi mwetu.

Viti viwekwe msikitini, viwe ndani ya safu, wala mwenye kukaa juu yake asitazamwe kama mgeni. Imamu aikumbushe hadithi ya Imran bin Husayn mara kwa mara, ili mzee mwenye magoti ajue kuwa nafasi yake ipo.

Tumkague asiyeonekana. Kumzuru mgonjwa ni haki ya Mwislamu juu ya Mwislamu, na mgonjwa wa maumivu sugu ndiye husahaulika upesi, kwa sababu watu humzuru wiki ya kwanza na yeye huumwa mwaka wa kumi. Dada zetu wawakague akina mama na mabibi, ambao maumivu yao huishia jikoni bila ya mtu kujua.

Tukienda, tuchunge ndimi. Tusimwambie kuwa fulani alikuwa na hali mbaya zaidi, wala kuwa haya ni malipo ya dhambi zake. Tumuulize: usiku unalalaje? Kisha tunyamaze tumsikilize. Tubebe na chakula. Bibi Aisha (r.a.) alikuwa akiagiza talbina, uji mwepesi wa shayiri, kwa mgonjwa na kwa mfiwa, na alisimulia kwa Mtume (s.a.w.) kuwa unautuliza moyo wa mgonjwa na kuondoa baadhi ya huzuni. Sisi tuna mtori. Bakuli moja la mtori lililoletwa na jirani hulisha mwili, na huiambia nafsi kuwa haijasahauliwa.

La mwisho ni zito. Wapo ambao dhiki huwafikisha mahali pa kutamani kufa. Mtume (s.a.w.) alikataza kutamani mauti kwa ajili ya dhara lililomfika mtu, na akaelekeza badala yake kumuomba Allah uhai maadamu uhai ni kheri. Katazo hilo linatujulisha kuwa tamaa hiyo huwajia watu, na kwamba mwenye nayo anahitaji kushikwa mkono. Basi mtu akitamka kuwa amechoka kuishi, au kuwa watu wake watapumzika akiondoka, tusimcheke wala tusimfokee. Asiachwe peke yake. Dawa na sumu za shambani ziondolewe karibu naye. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kama tunavyompeleka anayetokwa na damu.

Tunamuomba Allah (S.W.) awaponye wagonjwa wetu wa miili na wa nafsi, awape wauguzi wao nguvu, na atujaalie tuwe faraja kwa wenye dhiki. Atukinge na wasiwasi na huzuni, na atuwafikishe kuyafanyia kazi tuliyoyasikia.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.